Shajara ya mradi: kumfuatilia "Ndugu" kwenye magazeti ya zamani, kutoka Mbeya

Mwanzo wa Juni, baridi imeingia

Kwa wanaofika leo, mradi ni huu. Tunakusanya kurasa za magazeti ya Kiswahili ya miaka ya 60 mpaka 80 yaliyobaki kwenye nyumba za watu huku Nyanda za Juu Kusini, tunazipiga picha, tunazigeuza kuwa maandishi kwenye kompyuta, afu tunafuatilia neno moja tu: ndugu. Watu wananiuliza kwa nini nisichukue neno gumu gumu, kabaila sijui mirija, mi nawaambia hayo yana wenyewe, wasomi wameshayakalia siku nyingi, hili la ndugu kila mtu analo mdomoni asubuhi mpaka jioni na hakuna anayeligeukia kuliangalia.

Ambaye hakuyaona magazeti yale aelewe kitu kimoja. Miaka ya 70 ukifungua Uhuru humkuti waziri peke yake, unamkuta na kofia yake, "Waziri Mkuu, Ndugu Rashidi Kawawa", na meneja wa shirika la umma ni Ndugu, na katibu wa tawi ni Ndugu, na mama aliyechaguliwa mwenyekiti wa UWT, ule umoja wa wanawake, ni Ndugu. Leo gazeti linamtaja mtu jina la ukoo tu basi, alisema fulani, aliongeza fulani, wala hatuoni ajabu. Enzi ile jina likiachwa uchi hivyo msomaji alishtuka kidogo, na hapo kwenye kushtuka ndo napataka mimi.

Tulichonacho mpaka sasa: Uhuru, hilo lililoanza Desemba 1961, ndo limejaa. Mzalendo la Jumapili lipo kiasi. Ngurumo vipande vichache, hilo lilikufa 1976 na waliokuwa nalo walilisoma mpaka likaisha kwa mikono. Afu kuna Kiongozi la Wakatoliki na Mambo Leo mbili tatu zimeliwa na panya pembeni, ila Mambo Leo ni mama wa wote, lilianza 1923 chini ya serikali ya mwingereza, kwa hiyo hata ukurasa mmoja nauheshimu.

Wiki hiyohiyo, habari za mashine

Dogo tunayefanya naye kazi, yeye ndo mwenye akili ya kompyuta, amefunga Tesseract, programu ya kusoma maandishi yaliyo kwenye picha, kwenye laptopu yake na kuiwekea faili la Kiswahili. Inasoma. Sema inasoma kama mtu aliyesahau miwani. Karatasi ya gazeti la zamani imekuwa ya njano, wino umevuja upande wa pili, na safu zile ni nyembamba kiasi kwamba maneno yanakatwa katikati kila mstari, ndu- huku juu na gu huku chini, kwa hiyo ukisaka "ndugu" unakosa zile zote zilizokatwa. Dogo ameandika kijiskripti kinachounganisha vistari vya mwisho wa mstari kabla hatujasaka, na hapo tu zikafufuka nyingi.

Nyingine inasoma "nduqu", "ndngu", "hdugu". Hizo rahisi, unaorodhesha sura zote chafu unazibadili kwa mpigo. Ngumu ni moja: kurasa za 1978 na 1979 zilizofifia, mashine inachanganya "Ndugu" na "Nduli". Waliokuwepo wanaelewa, wakati wa vita ya Kagera Idi Amin hakuandikwa Rais wala Jenerali, aliandikwa nduli, nduli Idi Amin, nduli Amin, mpaka watoto wakadhani ndo jina alilopewa na babake. Sasa mashine ikija kutuambia "ndugu Amin amekimbia", hapana, hiyo lazima jicho la mtu. Kurasa zote za kipindi kile tunazisoma kwa macho mmojammoja, hakuna njia ya mkato.

Katikati ya Juni, Rungwe: ukuta

Leo napenda kuandika kwa kirefu maana tumepata kitu.

Huku kwetu nyumba nyingi za tofali za udongo watu walikuwa wanabandika magazeti ukutani kwa ndani, wanapika uji mzito wa ngano wanapaka, karatasi inashika, upepo wa Julai unapungua na nyumba inapendeza pia. Mwalimu mmoja mstaafu juu ya Tukuyu ana chumba cha namna hiyo nyuma ya nyumba kubwa, siku hizi anaweka viazi humo. Ukuta mzima ni Uhuru na Mzalendo, tabaka juu ya tabaka, wanaonekana wachezaji mpira, mawaziri, tangazo la sabuni, hotuba, picha ya trekta.

Tulivyofika nikamwamkia shikamoo mwalimu, akaitikia marahaba, afu akamgeukia dogo na Kinyakyusa, ugonile, dogo akababaika maana yeye kazaliwa Mwanjelwa, mjini Mbeya, mama wa nyumbani akacheka mpaka akakaa chini. Tukahamisha magunia ya viazi.

Kupiga picha ukuta ni shughuli tofauti na gazeti la mezani. Hakuna nyuma ya ukurasa, unachokiona ndo hichohicho. Tarehe mara nyingi zimefunikwa na karatasi ya jirani. Inabidi ubahatishe kwa habari yenyewe: ukiona reli ya TAZARA bado inajengwa basi ni kati ya 1970 na 1975, ukiona imekabidhiwa ni 1976, ukiona TANU ni kabla ya Februari 5, 1977 na ukiona CCM ni baada. Hiyo ya TANU na CCM ndo saa yetu kubwa ukutani pale. Taa tumeweka kwa ubavu sio mbele, maana ukipiga mbele ule uji uliokauka unang'aa kama mafuta.

Tukiwa tunafanya hivyo mwalimu akaanza kutusomea mwenyewe. Anasoma kwa sauti ile ya taarifa ya habari ya Redio Tanzania, "Mkuu wa Mkoa, Ndugu nanihii, amewataka wananchi", anaruka anaenda kipande kingine, "Katibu Mkuu wa Wizara, Ndugu". Nikamuuliza mwalimu, watu walikuwa wanaitana hivyo kweli au ni magazeti tu? Akasema kwenye mkutano wa tawi walikuwa wanaitana kweli, na mtu akisema Bwana Mwenyekiti kuna mzee mmoja alikuwa anasemaga kwa nguvu kutoka nyuma, "Bwana ni mmoja na yuko mbinguni!" Watu wanacheka, msemaji anarekebisha, Ndugu Mwenyekiti.

Ila kwa huku Rungwe, akasema, TANU hawakutuletea kitu kipya. Wamoraviani wamefika hapa 1891 na kanisa lao jina lake la asili ni Umoja wa Ndugu. Watu walishaitana ndugu kanisani kabla ya Nyerere hajazaliwa. Kwa hiyo ile ahadi ya kwanza ya mwana TANU, "Binadamu wote ni ndugu zangu na Afrika ni moja", mzee wa kanisa wa Rungwe aliiapa bila kujikwaa hata kidogo, alikuwa ameshaizoea Jumapili.

Hii nimeipenda mno. Kwenye vitabu utasoma Azimio la Arusha 1967, ujamaa, usawa, ndo neno likashuka kutoka juu, na kweli baada ya Azimio ndo magazeti yanalishika kwelikweli, sio uongo. Ila msomaji wa Tukuyu hakulipokea kama msomaji wa Kariakoo. Gazeti moja, neno moja, masikio mawili.

Tukaondoka na gunia la viazi ambalo hatukuomba. Ndaga fijo mwalimu, yaani asante sana.

Siku ya mvua isiyo na adabu, Mbeya mjini

Kazi ya lebo. Kila "ndugu" tunayoipata tunaipa lebo, tumekubaliana nne za Kiswahili tupu: CHEO (Ndugu mbele ya jina), DAMU (ndugu wa marehemu, ndugu na jamaa), WOTE (ndugu wananchi, ndugu wasomaji) na MBALI (ndugu zetu wa Msumbiji, ndugu zetu wa Zimbabwe).

Nilitegemea CHEO itameza zote, na kwenye ukurasa wa kwanza inameza kweli. Ila nenda ndani ya gazeti, kwenye matangazo ya vifo na shukrani, unakuta DAMU imekaa palepale kwa utulivu wake haijaguswa na siasa yoyote. Kuna kurasa mtu mmoja anaitwa Ndugu juu, kwenye habari ya mkutano, na chini ya ukurasa familia nyingine inawashukuru ndugu, jamaa na marafiki, na msomaji wala hachanganyi. Hakuna aliyewahi kudhani mkurugenzi wa shirika la mahindi ni shemeji yake.

MBALI inafurahisha. Wapigania uhuru wa kusini ni ndugu zetu, kila mahali. Lakini Wachina waliokuwa wanatandika reli hapahapa Mbeya, kwenye kurasa zetu hawa wanaitwa marafiki. Rafiki zetu wa China. Hata kile kiwanda cha nguo Dar walichosaidia kujenga kikaitwa Urafiki, hakikuitwa Undugu. Mtu wa mbali kabisa anaweza kuwa ndugu kama mnateseka pamoja, anayekuja kukusaidia ni rafiki. Sijaona mahali popote mhariri ameandikiwa hiyo kanuni, walikuwa wanaijua tu.

Kuhusu jinsia, kichwa kinauma. "Ndugu" haisemi mwanamume au mwanamke, na ndo uzuri wake, mwaka 1975 walipoingia mawaziri wanawake wa kwanza, Tabitha Siwale na Julie Manning, gazeti halikuhitaji kutafuta neno jipya, lilelile la wanaume likawatosha. Ila sisi tunataka kujua wanawake walitajwa kiasi gani, na ukikuta "Ndugu" afu jina la ukoo la Mwa- peke yake, utajuaje? Huku kwetu nusu ya mji ni Mwa-kitu. Tumeacha nafasi wazi kwenye jedwali, bora shimo kuliko kubuni.

Siku iliyofuata, habari ya Bwana

Ukimsaka Ndugu lazima umsake aliyempokonya kiti, yaani Bwana. Kwenye Mambo Leo ni Bwana kila mahali. Kwenye vipande vyetu vya mwanzo wa miaka ya 60 bado Bwana anatamba, Bw. hivi na Bw. vile, pamoja na Mheshimiwa. Afu anaanza kupungua, baada ya Azimio anakuwa mgeni, na anapotokea ni mtu wa nje, mfanyabiashara, au mzungu wa kampuni. Yaani Bwana akahamishiwa kwa watu wasiokuwa wenzetu. Adabu ipo palepale, hakuna tusi, lakini msomaji anajua huyu hayumo.

Sasa dogo akaniletea orodha ya Bwana wa miaka ya 70 akasema mbona wapo wengi tu. Nikaangalia nikacheka peke yangu. Bwana shamba! Bwana afya, bwana nyama, bwana miti, na bibi maendeleo. Hao mapinduzi hayakuwagusa. Waziri wa Kilimo ni Ndugu, mtaalamu wake anayekuja kijijini na baiskeli kuangalia mahindi bado ni bwana shamba, mpaka leo ni bwana shamba, hakuna aliyewahi kusema ndugu shamba. Hapo jina limeshakuwa la kazi, sio la mtu. Tumewatoa kwenye hesabu ya Bwana tukawapa jedwali lao, maana wanastahili.

Mwisho wa Juni, waliokosa

Hapa ndo naona mradi umepata mgongo. Mwanzoni tulikuwa tunahesabu nani anaitwa Ndugu. Sasa tunaangalia nani kwenye ukurasa uleule haitwi.

Wa kwanza ni Rais mwenyewe. Kwenye kurasa zetu yeye ni Mwalimu, au Rais Nyerere, au yote mawili. Karume ni Mzee. Yaani juu kabisa kuna vyeo vya mapenzi na umri, Ndugu inaanzia chini yao.

Wa pili ni wasomi wenye cheo chao. Mwenzetu wa Iringa ametutumia picha za habari za Isimani, mauaji ya Mkuu wa Mkoa, Wilbert Klerruu, aliyepigwa risasi siku ya Krismasi 1971 na mkulima Said Mwamwindi shambani kwake, wakati wa kusukuma vijiji vya ujamaa. Watu wa Iringa hiyo habari hawaisomi kama gazeti, wanaisoma kama ya jana. Mimi nimeangalia majina tu: mkuu wa mkoa ni Dokta Klerruu, udokta umesimama mahali pa Ndugu wala haujasogea. Mkulima ana jina lake tu. Hakuna Bwana, hakuna Ndugu.

Na hiyo ndo ya tatu, na ndo kubwa. Mshitakiwa hana kitu. Mtu akifikishwa mahakamani kofia inavuliwa mlangoni, anakuwa "mtu mmoja mkazi wa" au jina kavu. Angalia kurasa za 1983, ile kampeni ya Waziri Mkuu Sokoine dhidi ya wahujumu uchumi, sabuni na sukari zilizofichwa zinakutwa chini ya vitanda. Kuna watu pale walikuwa viongozi, juzi tu ni Ndugu, na siku ya habari hiyo ni mlanguzi au mhujumu. Gazeti halikuwa na haja ya kusubiri hakimu. Msomaji aliyekaa kibarazani Soko Matola akiona jina halina kitu mbele alikuwa ameshapata hukumu kabla hajamaliza mstari.

Wa nne ndo wananiuma zaidi, wakulima wa kawaida. Wao kwenye habari ni wananchi, wanavijiji, mkulima mmoja. Wanaambiwa "ndugu wananchi" kwa pamoja kwenye hotuba, kwa jumla ni ndugu sana, ila mmojammoja wakitajwa kwa jina, mara nyingi Ndugu inakuja tu kama ana kazi fulani, mwenyekiti wa kijiji, mjumbe wa nyumba kumi, mkulima bora aliyepewa cheti. Lile neno lililotakiwa kufuta vyeo likawa linasubiri cheo kwanza ndo lije. "Mkuu wa Wilaya, Ndugu": angalia kipi kimetangulia.

Dogo hakubaliani na mimi hapa. Anasema mkulima asiye na cheo alikuwa hatajwi kwa jina kabisa, Ndugu au pasipo Ndugu, kwa hiyo kosa ni la habari, sio la neno. Ana hoja. Tumeongeza safu ya kuonyesha kama mtu ametajwa kwa jina au la, tuone.

Kuna sehemu moja tu kwenye gazeti ambapo mtu wa kawaida anaitumia yeye kwenda juu: barua kwa mhariri. "Ndugu Mhariri," afu anaanza kulalamika, basi halifiki, duka la ushirika halina chumvi, tunaomba mtusaidie. Hapo mkulima wa Mbozi na mhariri wa Dar wako sawasawa kwa mstari mmoja. Barua hizo tumezipa lebo yake, BARUA, imekuwa ya tano.

Mwanzo wa Julai, neno linavyoshuka

Fupi, maana umeme unakatika katika.

Miaka ya 80 neno linaanza kuchoka. Mtaani likazaliwa undugunaizesheni, kazi anapewa mpwa na shemeji, na hapo DAMU ikarudi kulipiza kisasi kwa CHEO. Nalipenda neno hili kwa ubaya wake. Limechukua neno zuri la TANU, likalivalisha mkia wa kizungu na kulirusha kwa wakubwa.

Afu 1991 Azimio la Zanzibar, lililolegeza masharti ya viongozi ya lile la Arusha, 1992 vyama vingi, magazeti binafsi yakamwagika, Majira, Nipashe na wengine, na Mheshimiwa akarudi kwa kishindo kama hakuwahi kuondoka. Leo diwani ni mheshimiwa, mbunge ni mheshimiwa, na akistaafu bado mheshimiwa. CCM ndani ya chama wamebaki na Ndg. yao kwenye barua na mabango, Chadema wakachukua Kamanda. Kwenye habari za kawaida Ndugu imebaki kwenye vifo, na kwa polisi wa trafiki akikusimamisha Uyole, "ndugu dereva, leseni". Hiyo trafiki sio gazeti lakini nimeiandika kwenye daftari.

Hali ya kazi sasa hivi

Kurasa za ukuta zote zimeshasomwa na mashine na nusu zimesahihishwa kwa macho. Tunatumia AntConc kuona kila "ndugu" na maneno yanayoizunguka kushoto na kulia, ni ya bure na haihitaji bando ukishaishusha. Tumejaribu kulinganisha na kopasi ya Kiswahili, yaani ghala la maandishi kwenye kompyuta, ya Chuo Kikuu cha Helsinki, ila sehemu kubwa ya magazeti yao ni ya miaka ya karibuni, sisi tunataka ya zamani ambayo wengi wamefungia maandazi.

Pengo letu kubwa ni 1964 mpaka 1967, pale Bwana anapotoka na Ndugu anapoingia. Hapo tuna vipande vichache mno na vyote ni vya michezo, na kwenye michezo wachezaji wanaitwa majina matupu, hawatusaidii kitu. Mwenye ukurasa wowote wa miaka hiyo, Mbeya, Iringa, Njombe, Songwe, hata kama umebandikwa ukutani au umefunika sanduku, naomba usiubandue, utachanika. Piga picha palepale ulipo, mwanga utoke ubavuni, kona zote nne zionekane, na ile sehemu ya juu yenye tarehe usiikate.